Mchumba wangu anamtetea Claudio

Shikamoo Somo,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam, na jioni huwa naigiza katika kikundi cha sanaa cha mtaani kwetu. Mwaka huu mwongozaji wetu ameamua tucheze tamthilia ya Shakespeare, Much Ado About Nothing, ambayo ameitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Mimi nimepewa nafasi ya Beatrice. Najua ulifundisha fasihi miaka mingi kabla ya kuanza kutufunda humu, ndiyo maana nakuletea wewe jambo ambalo wenzangu wanaliona dogo.

Kwa msomaji asiyeijua hadithi: mji ni Messina, kule Sicily. Wanajeshi wanarudi vitani na kufikia kwa gavana Leonato. Kijana Claudio anampenda Hero, binti wa gavana, na posa inakubaliwa. Beatrice ni binamu yake Hero. Yeye na mwanajeshi mwingine, Benedick, kazi yao ni kurushiana vijembe, mpaka wenzao wanawapangia hila ili kila mmoja aamini kwamba mwenzake anamfia kwa mapenzi. Wanapendana kweli. Lakini yupo Don John, mtu wa fitina, ndugu wa nje ya ndoa wa mkubwa wao Don Pedro. Usiku wa kuamkia harusi anawapeleka Claudio na Don Pedro wakamwone "Hero" akizungumza dirishani na mwanamume. Kumbe ni Margaret, mtumishi wake, aliyevaa nguo zake. Asubuhi, kanisani, mbele ya baba yake na watu wote, Claudio anamkataa Hero na kumwita mchafu. Hero anazimia. Familia inatangaza kwamba amekufa, na mwishoni ukweli unajulikana, Claudio anaozwa tena, na anayefunuliwa uso ni yule yule Hero.

Sasa Somo, mchumba wangu alikuja kutazama mazoezi Jumamosi moja. Tulipofika pale kanisani wengine walisonya. Yeye alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Njiani nikamwuliza ameonaje. Akasema, "Sasa yule kijana kakosa nini? Kaona kwa macho yake. Mwanaume gani angeoa baada ya pale?" Nikamwambia alidanganywa. Akajibu, "Basi mwenye kosa ni aliyemdanganya." Tukabishana mpaka kituoni, naye akamaliza kwa kusema hiyo Beatrice inaniharibu, tangu niianze nimekuwa na majibu.

Ningeyaacha hapo, ila kuna jambo la nyuma. Kuna wakati alinyamaza ghafla. Simu hapokei, ujumbe hajibu. Kisha akarudi na kitenge kizuri, akawa kama hakuna kilichotokea. Baadaye sana dada yake ndiye aliyenieleza kwamba kuna mtu alimtumia picha yangu nikiwa ndani ya bajaji na kijana tunayeigiza naye, tukitoka mazoezini. Hakuniuliza wakati ule, na mpaka leo hajaniuliza.

Mwezi ujao wazee wake wanakuja kwetu kutoa mahari. Shoga zangu wananicheka, eti nitaachana na mtu kwa sababu ya igizo. Mmoja wa kikundini amenipa wazo kwamba tumtegee mtego: amtumie mchumba wangu ujumbe wa uongo kunihusu, tuone atafanya nini. Nakiri nimeshawishika. Mama yangu sijamwambia chochote.

Je, huu wasiwasi wangu ni wa kipuuzi? Na swali dogo la kazi: kila nikifika pale Beatrice anapomwambia Benedick "Muue Claudio", watu wanacheka. Nakosea wapi?

Beatrice wa Mbagala

*

Marahaba, mwanangu. Tangu Mwalimu Nyerere atuletee Mabepari wa Venisi mwaka 1969 nimekuwa natamani Beatrice naye apewe Kiswahili, kwa hiyo mpelekee mwongozaji wenu salamu zangu.

Nianze na mtego, maana naogopa utakuwa umeshautega kabla hujanisoma. Acha kabisa. Najua kwenye igizo lenu hila zinachekesha. Don Pedro na wenzake wanakaa bustanini wakijifanya hawajui kuwa Benedick kajificha karibu yao, wanasimuliana jinsi Beatrice asivyolala usiku kwa kumwaza. Kisha Hero na mtumishi wake Ursula wanamfanyia Beatrice vivyo hivyo. Lakini hila ile ilifaulu kwa sababu jambo lenyewe lilikuwepo. Beatrice mwenyewe anamdokezea Don Pedro kwamba Benedick aliwahi kumkopesha moyo wake, naye akaulipa na riba, miwili kwa mmoja, na kwamba aliwahi kumshinda kwa dadu za udanganyifu. Wale walishapendana na kuumizana kabla mchezo haujaanza. Marafiki waliwasaidia tu kukiri.

Unachoshauriwa wewe ni kazi ya Don John: kumtungia mwanamke uongo ili mwanamume aonekane atafanya nini. Hata ukijitungia mwenyewe, ni ile ile. Tena ujumbe ukishaingia kwenye simu ya mtu huwezi kuufuata. Atamwonyesha kaka yake, kaka atamwonyesha mkewe, na siku ya mahari atakuwepo shangazi mmoja ukumbini kwenu ambaye ameshausoma na hajaambiwa kwamba ulikuwa mchezo. Na mchumba wako akifaulu huo mtihani, utamweleza nini siku atakapojua nani alimtumia?

Sasa tumjadili Claudio, na sitaki umwone mchumba wako kituko kwa kumtetea. Anachosema kimesemwa na watu wengi tangu tamthilia hii ichapwe mara ya kwanza mwaka 1600. Katika Messina ile ubikira wa bibi harusi ni heshima ya baba yake, na ya mume, na ya mkubwa aliyesimamia posa. Tena Don Pedro ndiye aliyembembeleza Hero kwa niaba ya Claudio, akiwa amevaa kinyago kwenye dansi, kwa hiyo aibu ni yake pia. Na Claudio hakwenda dirishani peke yake. Alikwenda na mkubwa wake wa vita, mtu mwenye umri na akili, ambaye naye alidanganyika. Kijana katoka vitani na sifa zake, mkubwa wake anamwambia "tumeona". Hapo hata mimi namhurumia kidogo.

Ila hilo la "kaona kwa macho yake" halisimami, kwa sababu Claudio aliamua kabla hajaona. Rudi kwenye tendo la tatu, onyesho la pili. Don John ametamka tu kwamba Hero si mwaminifu. Dirishani bado hawajafika, na hajaonyesha kitu chochote. Papo hapo Claudio anasema akiona lolote usiku huo, kesho atamuumbua kwenye mkusanyiko ule ule ambao angemwolea. Don Pedro anaahidi kumsaidia kumuumbua. Mtu mwingine angefikiria kwenda kwa Leonato usiku huo huo, au kuvunja uchumba kwa njia ya mshenga na kila mmoja akabaki na heshima yake. Kwenye hadithi ya Bandello ya mwaka 1554, ambayo Shakespeare aliichota, mwanamume anafanya hivyo hasa: anatuma mtu kwa baba wa binti kuvunja ndoa. Shakespeare ndiye aliyelihamishia jambo kanisani na kuliwekea hadhira. Alitaka tumtazame Claudio akichagua.

Na haikuwa mara yake ya kwanza. Kwenye ile dansi ya vinyago, Don John alimnong'oneza kwamba Don Pedro anamtaka Hero mwenyewe. Claudio akaamini palepale, akasema moyoni kwamba urafiki hauaminiki panapokuja mapenzi, akamuaga Hero kichwani mwake na kwenda kununa pembeni. Don Pedro yupo chumba cha pili! Angemwuliza yangeisha. Akili za kuambiwa hakuzichanganya na zake hata kidogo. Jambo lilipofafanuliwa akafurahi, na wala hakujiuliza kwa nini aliamini haraka vile maneno ya mtu yule yule ambaye siku chache baadaye atamwamini tena.

Mchumba wako anaweza kukuambia kwamba Claudio aliuliza. Ni kweli, na usimkatalie. Kanisani anamwuliza Hero ni mwanamume gani alikuwa akizungumza naye dirishani usiku, kati ya saa sita na saa saba. Hero anajibu kwamba hakuzungumza na mwanamume yeyote saa hiyo. Na Don Pedro anasemaje? Anasema basi kwa jibu hilo wewe si mwanamwali. Angalia vizuri, mwanangu. Angekiri, angekuwa na hatia. Amekana, ana hatia. Swali linaloulizwa baada ya hukumu, mbele ya wageni, huku muulizaji ameshamwita binti wa watu chungwa bovu, mimi siliiti swali.

Lakini mahali ambapo mimi humkata Claudio maksi nyingi zaidi si kanisani. Ni baadaye, mwanzoni mwa tendo la tano, na igizo likichezwa mbio mbio watu hupitwa napo. Leonato na ndugu yake, wazee wawili, wamewakabili Claudio na Don Pedro na kuwaambia kwamba Hero amekufa na amezikwa. Don Pedro anasema pole, lakini tuhuma zilikuwa za kweli. Wazee wanaondoka. Benedick anaingia. Claudio anamwambia nini? Anacheka kwamba nusura pua zao zing'olewe na vizee viwili visivyo na meno, kisha anamwomba Benedick awachangamshe kwa utani wake. Hero, kwa anavyojua yeye, yuko kaburini. Hapo hakuna aliyemdanganya Claudio. Hapo hakuna dirisha wala Margaret. Moyo ule ni wake mwenyewe, na ukitaka kumbana mtu anayesema "mwenye kosa ni aliyemdanganya", mbane kwa onyesho hilo.

Ukweli unakuja kuletwa na Dogberry na walinzi wake wa usiku, sungusungu wa Messina, watu wanaochanganya maneno mpaka mbavu zinauma. Wao ndio waliomsikia Borachio, mtu wa Don John aliyekuwa na Margaret pale dirishani, akijisifu kwamba kalipwa dukati elfu moja na Don John kwa kazi ile ya dirishani. Wakubwa wote walioona kwa macho yao waliona uongo. Hawa wasioweza kupanga sentensi walisikia ukweli gizani. Leonato angewasikiliza asubuhi ile walipomjia, kabla ya kwenda kanisani, harusi ingepita salama. Lakini alikuwa na haraka, na Dogberry alikuwa anamchosha.

Claudio akishaambiwa yote, anakiri kwa masharti: hakutenda dhambi, ila alidhani vibaya. Huoni ni maneno ya mchumba wako kabisa? Anapewa adhabu ya kumwomboleza Hero kaburini na kumwoa mpwa wa Leonato asiyemjua, na anakubali. Siku ya pili anaapa hatageuka hata kama huyo bibi harusi ni Mwethiopia, akimaanisha mweusi, kama kwamba hapo ndipo mtu afikapo mwisho wa uvumilivu. Wapo waongozaji wanaoukata mstari huo. Ninyi mkiwa watu weusi watupu jukwaani, ningependa kujua mwongozaji wenu ameufanyaje. Mimi ningeuacha, nione ukumbi utamtazamaje Claudio.

Basi nikujibu ulichoniuliza. Wasiwasi wako si wa kipuuzi, ila umeuweka pasipo pake. Mwanamume kumtetea Claudio baada ya mazoezi ya Jumamosi si kosa la kuvunja uchumba. Watu wazuri kabisa hutoka ukumbini na maoni ya ajabu, na wengine hubisha ili mradi wasishindwe na mchumba wao njiani. Kinachonisumbua mimi ni bajaji. Pale hakukuwa na Shakespeare. Alipokea picha, akaihukumu peke yake, akakuadhibu kwa kukunyamazia, akakusamehe kosa ambalo hujui kama ulishitakiwa, kisha akakuletea kitenge. Claudio alifanya hivyo hivyo baada ya dansi: alikasirika bila kuuliza na akapoa bila kueleza. Kwa kuwa mambo yaliisha vizuri, hakuna aliyemfundisha chochote.

Uliniandikia kana kwamba swali ni je, mchumba wangu ni Claudio. Mimi nakwambia mtazame Benedick kwanza, ndipo utajua cha kumwuliza.

Benedick aliingia kanisani upande wa Claudio. Ni rafiki yake, wamepigana vita pamoja, na Don Pedro ni mkubwa wake. Walipomaliza kumuumbua Hero, Don Pedro, Don John na Claudio wanatoka. Benedick habanduki. Shakespeare hakumpa hotuba ya kueleza kwa nini. Anabaki tu, na neno lake la kwanza ni kuuliza hali ya binti. Kisha anakiri kwamba ameshangaa na hajui aseme nini. Ni maneno ya maana sana hayo, kwa mwanamume aliyezoea kuwa na jibu la kila kitu. Halafu anamwuliza Beatrice kama usiku ule alilala chumba kimoja na Hero. Beatrice anasema hapana, usiku ule tu, ingawa mwaka mzima wamelala pamoja. Jibu hilo lilikuwa baya kwa Hero, na Leonato analidaka mara moja: ndiyo hivyo basi, imethibitika. Benedick halidaki. Anaendelea kufikiri, mpaka anasema kwamba wale wawili ni watu wa heshima na kama wamepotoshwa basi mkono ni wa Don John. Amefika kwenye ukweli bila ushahidi wowote mpya, kwa kuwafahamu watu tu.

Na akiwa na Beatrice peke yao, baada ya mabishano yote, anamwuliza swali moja: unaamini rohoni mwako kwamba Claudio amemkosea Hero? Beatrice anasema ndiyo, kama nilivyo na roho. Inatosha, anasema Benedick, na anakwenda kumtaka rafiki yake wapigane. Anapomkabili, anamshukuru Don Pedro kwa hisani zake na kumwambia hatakuwa tena katika kundi lake, kwa sababu kati yao wamemuua binti asiye na hatia. Anasema hivyo kabla Borachio hajaungama. Alikuwa hajui kama ana haki. Aliamua tu nani anamfahamu Hero zaidi, na akamsikiliza huyo.

Ndiyo maana watu walikuwa wanaingia kuwatazama hawa wawili, ingawa kwa hesabu ya kisa harusi yenye mambo ni ya Hero na Claudio. Mshairi mmoja, Leonard Digges, katika shairi lililochapwa mwaka 1640, aliandika kwamba waonekane tu Beatrice na Benedick, ukumbi unajaa papo hapo. Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza, kwenye nakala yake ya tamthilia za Shakespeare, aliandika kwa mkono majina ya hao wawili pembeni ya jina la mchezo huu.

Kwa hiyo usibishane tena na mchumba wako juu ya Claudio. Mtafute siku ametulia, bila wifi wala shoga, umwambie: dada yako alinieleza habari ya picha. Nataka kujua kwa nini hukuniuliza. Ukishasema hivyo nyamaza, hata kama ukimya utakuwa mrefu. Usimsaidie kujibu. Akikasirika kwamba dada yake ana mdomo, mrudishe kwenye swali lako. Akisema aliona haya, au aliogopa jibu, huyo ni mtu wa kuzungumza naye. Uoga wa namna hiyo unatibika. Akisema "nilikusamehe", mwambie hukuomba, na uendelee kumwuliza alikusamehe nini. Akisema mwanaume hana haja ya kuuliza kilicho wazi, hapo wazee wake wasubiri. Sisemi uvunje. Nasema mahari isipokelewe mwezi ujao, mpaka mtakapokuwa mmelimaliza hili wenyewe. Kuahirisha kuna maneno ya watu, najua, na maneno hayo yatakuja kwako kuliko kwake. Yavumilie.

Halafu zungumza na mama yako. Nina sababu ya kukuambia hivyo kutoka humo humo kwenye kitabu. Katika chapa ya mwaka 1600, kwenye maelekezo ya jukwaani, yupo mke wa Leonato anayeitwa Innogen. Anatajwa kwamba anaingia, na katika mchezo mzima hasemi neno. Wahariri wa baadaye walimwondoa kabisa. Hero anaumbuliwa kanisani hana mama wa kumsemea. Na baba yake? Baba yake, ambaye asubuhi alikuwa na furaha kuliko watu wote, akishasikia wakubwa wamesema, anauliza kama hakuna mwenye jambia la kumchoma yeye, kisha anamwambia binti yake aliyezimia asifumbue macho. Padri, mtu baki, ndiye aliyeutazama uso wa Hero wakati anashitakiwa na kuona kwamba hana hatia. Mimi sikufahamu kwenu, ila mwanamke anayeolewa anapaswa kujua mapema kwao nani atasimama upande gani siku mbaya ikifika. Mama yako akishajua habari ya bajaji kutoka mdomoni mwako, hakuna mtu atakayekuja kumwambia kwa namna nyingine.

Kuhusu Beatrice kukuharibu: nafasi usiiache. Don Pedro anapojitolea kumwoa, Beatrice anamkataa kwa kumwambia kwamba mtawala kama yeye ni ghali mno wa kuvaliwa kila siku, labda awe na mume mwingine wa siku za kazi, kisha anaomba radhi kwa heshima zote. Mtawala anacheka na hakuna aliyeumia. Huyo ni mwanamke mwenye majibu na mwenye adabu kwa wakati mmoja. Mwambie mchumba wako aje tena kutazama, na safari hii amwangalie Hero akiwa na wanawake wenzake. Onyesho la kwanza zima, mbele ya wanaume, Hero ana mstari mmoja tu. Kule bustanini akiwa na Ursula anaongea bila kupumua, anapanga hila, anamchambua Beatrice mpaka Beatrice mwenyewe masikio yanamuwaka moto. Kumbe naye ana mdomo. Claudio hakuwahi kuusikia, kwa sababu hakuwahi kuzungumza naye kiasi hicho.

Sasa lile la kazi. Kucheka kwa watu pale kusikutishe. Hata waigizaji wa Kiingereza huhangaika na mstari ule. Beatrice na Benedick wametoka kuambiana kwa mara ya kwanza kwamba wanapendana, Benedick amevimba kwa furaha na kusema niamuru lolote, ukumbi unasubiri utani mwingine, halafu unamletea mauaji. Watu hucheka kwa kushtuka. Nahisi pia unapaza sauti. Usipaze. Kumbuka Benedick anaanza onyesho lile kwa kukuuliza kama umekuwa ukilia muda wote huo, nawe unamjibu ndiyo, na utalia zaidi. Basi fika kwenye "Muue Claudio" ukiwa bado umelia, useme taratibu, ukimtazama yeye na si ukumbi. Wakicheka, waache wamalize. Mwambie mwenzako asikimbilie jibu lake la kukataa. Asimame kwanza akuamini kwamba umesema kweli. Akishakataa, mwambie kwamba kwa kukataa amekuua wewe, muage, na uondoke kwa miguu yako kweli kweli, hatua tatu nne. Usimsubiri akushike. Mwache akufuate.

Somo